Alidina Visram: Mtu Aliyegeuza Msafara Kuwa Duka

Kando ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge kupita Kabuta, mvuvi anayeuvuta mtumbwi wake mchangani alfajiri hana haja ya kusafiri mbali ili apate kipande cha sabuni, ratili ya chumvi, kiberiti au doti ya nguo kwa ajili ya mkewe. Lipo duka. Huenda likawa ni chumba kimoja tu, chenye meza ya mbao, rafu tatu na daftari la madeni lililofungwa kwa uzi. Lakini lipo, leo na kesho, na mwenyewe anajulikana kwa jina. Jambo hili limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuliza lilianzaje.

Hapo zamani halikuwako. Watu wa ziwa hilo walikuwa na biashara kubwa ya chumvi, shaba, samaki na pembe, na dola ya Kazembe, kusini mwa ziwa, ilijulikana mpaka pwani ya bahari zote mbili. David Livingstone alipofika huko mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, ambaye alikwisha kaa miaka mingi katika nchi ya Kazembe. Mwaka huo huo, kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alimshinda mtemi Nsama wa Itabwa na kuchukua pembe zake. Kisiwa kimoja ndani ya Ziwa Mweru mpaka leo kinaitwa Kilwa. Watu wa pwani walifika, tena walifika mapema.

Hata hivyo, walichokuja nacho hakikuwa duka. Kilikuwa msafara. Msafara ulileta amerikani, kaniki, ushanga, masango ya shaba na baruti. Ukachukua pembe na, kwa aibu ya historia yetu, ukachukua na watu. Kisha ukaondoka. Mwanakijiji hakujua utarudi lini, wala kama mwaka ujao utakuja kwa salamu au kwa bunduki. Kati ya msafara wa namna ile na duka la Kabuta la leo pana safari ndefu, na mtu aliyeikata sehemu kubwa ya safari hiyo katika Afrika Mashariki ni marehemu Alidina Visram. Maduka yake hayakufika Mweru. Yalitanda kaskazini yake, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kutoka Mombasa hadi Uganda, Kongo na kusini mwa Sudani. Lakini anayetaka kujua jinsi duka lilivyozaliwa katika nchi za bara, hana budi kuyajua maisha ya mtu huyu.

MTOTO WA KERA

Alidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchini Kachi, magharibi mwa Bara Hindi. Kachi ni nchi kavu, yenye mvua chache na njaa za mara kwa mara, lakini ina bandari, na watu wake kwa karne nyingi wamezijua pepo za kaskazi na kusi zinazoleta majahazi pwani ya Afrika na kuyarudisha. Alidina alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, na watu wa jamaa hiyo walikwisha fika Unguja kwa wingi tangu enzi za Seyyid Said.

Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alipanda jahazi akaja Afrika. Hakuja na mtaji. Alikuja na mikono yake na akili ya kuhesabu. Alifikia Bagamoyo, mji ambao wakati ule ulikuwa mlango wa bara: hapo misafara ya Unyamwezi na Ujiji ilishushia mizigo, na hapo wapagazi kwa maelfu walisubiri kuandikwa kwa safari mpya.

Kijana huyo aliajiriwa katika nyumba ya biashara ya ukoo wa Sewa Haji Paroo. Jina la Sewa Haji si geni kwa Watanzania, kwani jengo moja la wodi katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, linaitwa kwa jina lake, kwa kumbukumbu ya fedha alizotoa ili wagonjwa wa rangi zote watibiwe. Biashara ya nyumba hiyo ilikuwa kuandaa misafara: kutafuta wapagazi, kufunga mizigo, kukopesha bidhaa na kupokea pembe. Hata wasafiri mashuhuri wa Kizungu, Stanley akiwa mmoja wao, walipata wapagazi na vifaa vyao kwa Sewa Haji. Humo ndimo Alidina alimosomea. Hakuwa na chuo kingine.

MALI KAULI

Alichojifunza hapo kilikuwa na jina la Kiswahili: mali kauli. Mwenye bidhaa alimpa msafiri nguo na ushanga bila kupokea fedha. Msafiri alikwenda bara mwaka mmoja, miwili au mitatu, na aliporudi na pembe alilipa deni pamoja na faida. Rehani iliyokuwapo ilikuwa neno la mtu. Aliyelivunja hakupata tena mali kwa tajiri yeyote wa pwani, na kwa msafiri huo ulikuwa mwisho wa riziki.

Mwaka 1877 Alidina alianza biashara yake mwenyewe. Alipeleka bara nguo, chumvi na nafaka. Akapokea pembe, nta na asali. Lakini taratibu alifanya jambo lililomtofautisha na matajiri wengi wa wakati wake. Badala ya kungoja msafara urudi, aliweka watu wake huko huko ulikokwenda. Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji zikapata matawi yake. Tawi lilikuwa na ghala, mizani na karani aliyekaa hapo mwaka mzima. Mtu mwenye ratili mbili za nta, ambaye msafara usingemtazama, sasa aliweza kuiuza Jumatatu na kununua nguo Jumatano.

Wakati wenyewe ulimsukuma huko. Miaka ile mabadiliko makubwa yaliikumba biashara ya bara. Wajerumani waliitwaa pwani baada ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889. Kule Kongo, vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja nguvu za wafanyabiashara wa pwani, na pembe za ndovu zilizokuwa zikishuka mashariki zikaanza kuelekezwa magharibi, bahari ya Atlantiki. Ndovu wenyewe walikuwa wamepungua mno karibu na njia kuu. Aliyetegemea pembe peke yake alikuwa akikalia tawi linalokatwa. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Alidina Visram alikuwa ndiye mkubwa wa biashara ya misafara, na alikuwa amekwisha kuona kwamba misafara haina maisha marefu.

RELI NA MADUKA

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria Nyanza. Kwa kazi hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi 31,983 katika muda wa miaka michache. Watu hao walitaka unga, mchele, dengu, samli, viungo na tumbaku, nao walikuwa wakisogea kila wiki, maili baada ya maili, katika nyika isiyo na maji wala soko. Serikali ilijua kujenga madaraja. Haikujua kupika chapati.

Alidina aliliona jambo hilo mapema, akahamishia nguvu zake Mombasa. Alifungua maduka kwenye vituo vya reli kadiri reli ilivyosonga mbele, akapata kazi ya kuwalisha wafanyakazi, na baadaye akakabidhiwa hata kazi ya kulipa mishahara yao. Msomaji na aifikirie maana yake: mtu mmoja alikuwa akimlipa mfanyakazi rupia zake upande mmoja wa meza, na upande wa pili akimwuzia chakula. Si ajabu utajiri wake ulikua kwa kasi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwezi Desemba 1901. Alidina hakungoja. Mnamo 1898, wakati mizigo ya Uganda ingali inabebwa kichwani, yeye alikwisha fungua duka Kampala. Kutoka hapo maduka yalizidi kusambaa: Entebbe, Jinja na miji midogo ya Uganda, kisha kaskazini kwa njia ya Nile mpaka Nimule na Gondokoro, kisha magharibi kuelekea Kongo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza matawi na mawakala wake walikuwa wamepita mia moja kwa wingi. Hapakuwa na mfanyabiashara mwingine katika Afrika Mashariki aliyemkaribia, na watu walizoea kumwita mfalme asiye na taji wa Uganda.

Inafaa hapa tutupe macho Uingereza yenyewe. Miaka hiyo hiyo ndipo maduka yenye matawi yalipoanza kuteka mitaa mikuu ya miji ya huko. Thomas Lipton alifungua duka lake la kwanza Glasgow mwaka 1871, naye kabla ya karne kwisha alikuwa na mamia ya matawi yaliyouza chai, siagi na nyama ya nguruwe kwa bei moja. Michael Marks, mhamiaji maskini kutoka mashariki ya Ulaya, alianza na meza sokoni Leeds mwaka 1884, na kutokana na meza hiyo likazaliwa jina la Marks & Spencer. Alidina Visram alikuwa akifanya kazi ile ile katika zama zile zile, ila yeye hakuwa na mitaa ya mawe, taa za gesi wala gari la moshi kila saa. Tawi lake moja na lingine yaliweza kutenganishwa na mwendo wa siku kumi, mto uliofurika na homa ya malaria.

DUKA LILILOKUWA BENKI

Maduka hayo yaliendeshwaje? Alidina hakuweza kuyatazama yote kwa macho yake. Alileta vijana kutoka Kachi na Gujarat, wengi wao wakiwa katika umri ule aliokuja nao yeye. Kijana alianza kwa kufagia, kupima na kuandika. Akionekana mwaminifu, alipewa bidhaa kwa mkopo na kupelekwa mahali ambapo hapakuwa na duka. Baada ya miaka kadhaa baadhi yao walilipa madeni, wakaandika majina yao wenyewe juu ya milango. Hivyo basi, maduka mengi ambayo hayakuwa ya Alidina yalizaliwa na maduka yake. Ilikuwa ni mali kauli ile ile ya Bagamoyo, ila sasa ilikuwa na paa la bati.

Na kila tawi lilikuwa na daftari. Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hapana shaka mtu huyu aliishi kwa maneno hayo. Karani wa mbali alipeleka hesabu Mombasa. Bidhaa zilizotoka na mazao yaliyoingia yaliandikwa. Na kwa maandishi hayo tajiri alijua wapi chumvi imekwisha na wapi kaniki imelala ghalani.

Daftari hilo likawa pia benki. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza hapakuwa na benki ndani ya Uganda. Ofisa wa serikali aliyetaka fedha za kulipa askari wake, au mmisionari aliyetaka kutuma fedha pwani, alikwenda kwa Alidina. Aliandikiwa hati dukani Kampala, na fedha zikapokelewa Mombasa, bila sarafu moja kubebwa njiani.

Mkulima naye aliingizwa katika mzunguko huo, apende asipende. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulileta kodi ya nyumba ya rupia tatu. Mkulima hakuwa na rupia. Alikuwa na simbi, ndizi, ngozi na ufuta. Rupia zilikuwa dukani. Alipeleka ngozi au ufuta wake, akapewa rupia, akalipa kodi, na zilizobaki akanunulia chumvi na nguo. Duka likawa mahali ambapo jasho la shambani hugeuka kuwa fedha. Serikali ya kikoloni ililijua hilo vema, ndiyo sababu iliwapenda wenye maduka kuliko ilivyokuwa tayari kukiri. Hata Winston Churchill, aliyetembelea Uganda mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliwasifu katika kitabu chake wafanyabiashara wa Kihindi waliotangulia kufika mahali ambapo Mzungu hakuthubutu kufika.

KUTOKA DUKA HADI KIWANDA

Alidina hakuridhika na kununua na kuuza. Alipoona ufuta unaletwa kwa magunia, aliweka mashine za kukamua mafuta. Alipoona mafuta yapo, akaanzisha kazi ya sabuni. Pamba ilipoanza kupandwa Uganda mwaka 1904 na kustawi, akaingia katika kazi ya kuchambua pamba. Alikuwa na viwanda vya soda, karakana za samani na kazi ya mbao. Alikuwa na mashamba aliyojaribia mpira, miwa, pamba na matunda, yenye vibarua kwa maelfu. Juu ya nchi kavu alikuwa na mikokoteni, na juu ya maji alikuwa na vyombo vyake.

Kadhalika hakuwa mchoyo. Alitoa fedha kwa shule, kwa hospitali na kwa ibada, na misaada yake haikuishia kwa Waismailia wenzake. Hutajwa pia kwamba alichangia kanisa la Namirembe, Kampala, ingawa yeye alikuwa Mwislamu. Wale waliofika Mombasa kutoka Bara Hindi bila ndugu walijua kwamba kwa Alidina watapata chakula, mahali pa kulala na, pengine, kazi.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Hata hivyo, mizani ina sahani mbili, na mwandishi wa maisha ya mtu hana haki ya kupima moja tu.

Kwanza, mtaji wa mwanzo wa biashara hii ulitokana na pembe za ndovu. Pembe hizo zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi. Wengine walikufa njiani kwa ndui, kwa kuhara na kwa njaa, na majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote. Jina la tajiri linajulikana. Ya waliobeba hayajulikani.

Pili, duka lilipofika kijijini, lilifika likiwa na bei mbili: ya kununulia mazao na ya kuuzia bidhaa. Mkulima hakuipanga hata moja. Palipokuwa na maduka mawili aliweza kuchagua. Palipokuwa na moja alipokea alichopewa. Na pale alipokopa, daftari lilikuwa mikononi mwa anayejua kusoma.

Tatu, mfumo wa kikoloni ulimweka kila mtu katika ngazi yake. Mwingereza alichukua serikali na ardhi bora. Mhindi alizuiwa kupata ardhi katika nyanda za juu za Kenya, akaachiwa duka. Na Mwafrika akaachiwa jembe na kodi. Sheria zilizozuia Mwafrika kukopeshwa bidhaa kwa biashara, ambazo watawala walizieleza kuwa ni za kumlinda, zilimfungia mlango ule ule ambao Alidina mwenyewe aliingilia. Kijana wa Kachi alianza kwa mali kauli. Kijana wa Buganda au wa Unyamwezi aliyekuwa na akili sawa na yake hakupewa nafasi hiyo. Kosa hili halikuwa la Alidina peke yake, lakini utajiri wake ulikua ndani yake. Uchungu uliopandwa hapo ulikuja kuota baadaye, katika machafuko ya wakulima wa Uganda ya mwaka 1945 na 1949, na hatimaye ukatumiwa vibaya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku 90, wenye hatia na wasio na hatia pamoja.

Kuna na ugonjwa. Tangu mwaka 1900 malale yaliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na serikali ikawahamisha waliobaki kutoka visiwani na ufukoni. Miaka michache baadaye hofu ya malale iliwahamisha pia watu wa ufuko wa Ziwa Mweru na mto Luapula. Wanahistoria wamelihusisha janga hilo na misukosuko ya zama hizo, ambamo watu, mifugo na mizigo vilikuwa vikihama kuliko wakati wowote uliotangulia. Njia iliyoleta chumvi na nguo ilikuwa ikipitisha pia mambo mengine.

SAFARI YA MWISHO

Vita vya 1914 vilimkuta Alidina Visram akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Vita hivyo vilizipasua biashara zake vipande viwili: matawi yaliyokuwa katika koloni la Wajerumani, Bagamoyo, Tabora na Ujiji, yalikuwa upande mmoja wa mstari wa moto, na Mombasa na Kampala upande wa pili. Mali zilikwama, madeni hayakulipika, na wapagazi walichukuliwa na majeshi kwa makumi ya maelfu.

Mtu mwingine katika umri huo angekaa Mombasa na kusubiri amani. Yeye alikuwa bado na desturi ya kwenda mwenyewe mahali penye shaka. Mwaka 1916 alisafiri kwa biashara hadi Kongo, na katika safari hiyo alipatwa na homa. Hakupona. Alifariki tarehe 30 Juni 1916. Aliyekuja Afrika kwa jahazi akiwa mtoto alikufa kwa ugonjwa wa safari, katika kazi ile ile iliyomleta.

BAADA YA MZEE

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi nyumba ya biashara. Kwa kumkumbuka baba yake alijenga shule Mombasa, Shule ya Sekondari ya Alidina Visram, ambayo mpaka leo inasomesha watoto wa Kenya wa kila kabila na dini. Mjini humo pia iliwekwa sanamu ya mzee. Lakini maduka yenyewe hayakudumu. Baada ya vita bei za mazao zilianguka. Fedha ya Afrika Mashariki ilibadilishwa kutoka rupia kwenda florini na kisha shilingi katika muda mfupi sana, na mwenye madeni mengi ya kudai na kudaiwa aliumia pande zote mbili. Abdulrasul mwenyewe alifariki mwaka 1923. Muda si mrefu nyumba kubwa kuliko zote za biashara katika Afrika Mashariki ilivunjika. Matawi yaliuzwa, yalifungwa au yalichukuliwa na waliokuwa makarani wake.

Kwa nini? Vita na fedha vilichangia, lakini haviwezi kueleza kila kitu, kwani nyumba nyingine zilipita katika dhoruba ile ile zikabaki. Tukitazama jinsi kazi ilivyoendeshwa, tunaona kwamba kamba zote zilifungwa katika kigingi kimoja. Wakala wa Gondokoro hakuiamini kampuni, alimwamini Alidina. Ofisa wa Entebbe hakupokea hati ya benki. Alipokea neno la Alidina. Daftari liliandika deni, lakini aliyejua ni nani atalipa na ni nani wa kusubiriwa alikuwa mtu mmoja, na maarifa hayo hayakuandikwa popote. Kigingi kilipong'oka, hema lilianguka.

Si nyumba yake peke yake iliyopata kuanguka hivyo. Kampuni ya Woolworths, iliyofungua duka lake la kwanza la Uingereza huko Liverpool mwaka 1909, wakati Alidina akiwa kileleni, ilikuwa na maduka zaidi ya 800 katika miji ya nchi hiyo ilipofungwa yote mwezi Januari 2009. Yale yalikuwa na bodi, hisa na wakaguzi wa hesabu, na bado hayakuokoka. Zambia na Tanzania nazo zina habari zao. Baada ya mageuzi ya uchumi ya Mulungushi ya 1968, Serikali ya Zambia iliingia katika biashara ya rejareja, na maduka ya ZCBC na Mwaiseni, neno la Kibemba lenye maana ya karibuni, yakajulikana nchi nzima. Tanzania ilikuwa na kampuni za biashara za mikoa na maduka ya ushirika ya vijiji, hasa baada ya Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Nia ilikuwa njema: mwananchi asinyonywe kwa bei. Hata hivyo rafu ziliposhinda tupu, jina zuri la mlangoni halikumpa mtu sabuni.

Turudi Mweru. Katika karne iliyopita samaki wa ziwa hilo na wa Luapula walinunuliwa kwa wingi na wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, na kupelekwa kwenye migodi ya Katanga. Wenyeji walikuwa wavuvi na wapagazi wa barafu. Lakini pole pole walikuwepo waliotunza fedha za samaki, wakanunua baiskeli, kisha gari, kisha wakajenga duka. Walifanya hivyo bila msafara, bila mkoloni wa kuwapa kazi ya kulisha reli, na mara nyingi bila mkopo wa benki. Kile ambacho sheria za zamani ziliwanyima Waafrika walikipata wenyewe kwa nyavu.

Mwenye duka wa Kabuta anayefungua daftari lake usiku, taa ikiwa mezani, anafanya kazi aliyoifanya Alidina Visram Bagamoyo akiwa kijana: anaandika nani amechukua nini na kwa neno gani. Kama atamfundisha mwanawe, au binti yake, au karani wake kuyasoma yaliyomo, na kumweleza pia yale ambayo hayakuandikwa, nani hulipa msimu wa samaki na nani husubiriwa mpaka mavuno, basi duka hilo litakuwa limepata kitu ambacho mfalme wa maduka zaidi ya mia moja hakuwaachia warithi wake.